Vikundi vya Ngoma Vilivyolea Miji ya Pwani

Katikati ya mwaka 1955 mgeni kutoka Uingereza alifika Dar es Salaam. John Hatch, mtu wa chama cha Labour, alikuja kukitazama kwa macho yake chama kichanga cha TANU. Alipokwisha kukutana na wanaume, aliuliza swali ambalo wenyeji wake hawakuwa wamelitayarishia jibu: wanawake wenu wako wapi? Viongozi wakasema wapo. Kisha wakahangaika kumtafuta wa kumwonyesha. Aliyepatikana alikuwa Titi binti Mohamed, mama wa nyumbani aliyekuwa bado hajatimiza miaka thelathini. Mjini hakujulikana kwa siasa. Alijulikana kwa sauti yake, kwa kuwa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani, Bibi Titi hakuanza kwa kugonga mlango mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma. Dar es Salaam ya wakati ule ilijaa vikundi vya wanawake vyenye majina ya kila rangi: Roho Mgeni, Submarine, Ratusudan, Snow White na vingine vingi, achilia mbali vile vya lelemama na vilabu vya taarabu vya Egyptian na Al-Watan. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, na kiongozi akikubali, wanachama wake hawakubaki nyuma. Kufikia Oktoba mwaka huohuo wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha.

Kisa hiki husimuliwa kama ukurasa wa historia ya uhuru, na ndivyo kilivyo. Lakini kina mlango wa pili. Wanawake hao walikuwa wamekwisha jipanga kabla siasa haijawafikia. Walikuwa na uongozi, michango, sare na ratiba ya kukutana. Walikuwa wanajua nani anaumwa, nani kafiwa, nani binti yake anaolewa mwezi ujao. Nani aliwafundisha haya yote, na kwa nini walijifunzia ngomani?

Jibu liko katika hali ya miji yenyewe. Dar es Salaam ilikuwa na watu kama 69,000 mwaka 1948. Kufikia 1957 walikuwa karibu 129,000. Mji unaokaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka tisa ni mji wa wageni. Mtu ametoka Kilwa, Morogoro au Songea, amepanga chumba katika nyumba ya Uswahilini yenye ukumbi wa kati na uwani wa pamoja, na ukoo wake wote uko mbali. Akiugua, nani atampelekea uji? Akifa, nani atamwosha na kununua sanda? Ukoo ndio uliokuwa ukijibu maswali hayo kijijini. Mjini, mara nyingi, kikundi cha ngoma kilijibu.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Mwanachama alitoa mchango wake, akahudhuria mazoezi, akashona sare iliyokubaliwa, na siku ya shughuli ya mwenzake akafika. Siku ya shughuli yake yeye, wenzake nao walimjia. Kikundi kilichotumbuiza arusini ndicho kilichokwenda matangani, na mikono iliyopiga makofi Alhamisi ndiyo iliyomenya vitunguu msibani Jumamosi. Hakuna aliyelazimika kueleza kwamba ngoma ni jambo moja na kusaidiana ni jambo lingine, maana mambo hayo hayakuwa yametenganishwa. Hata neno lenyewe halikuyatenganisha: ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, ni mkusanyiko wa watu, na kwa waganga wa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, ni tiba.

Mizizi ya vikundi hivi ni mirefu kuliko Dar es Salaam ya miaka ya 1950. Katika Lamu na Mombasa, miji iliyozoea kugawanyika pande mbili, mashindano ya ngoma na mashairi baina ya mitaa yalikuwa desturi ya zamani. Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni, na upande mmoja haukukubali kupitwa na mwingine kwa wimbo wala kwa karamu. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, desturi hiyo ilikutana na kitu kipya: matarumbeta na magwaride ya wakoloni. Vijana wakatazama, wakasikiliza, wakachukua. Neno la Kiingereza la bendi likalainishwa likawa beni.

Beni ilikuwa ngoma yenye jeshi lake. Wachezaji walipanga safu, wakavaa sare, wakapeana vyeo: kingi, jenerali, kapteni, na chini yao ngazi nyingine nyingi. Mombasa ilikuwa na Kingi na Scotchi. Beni ilipovuka kuingia Tanganyika ikagawanyika kuwa Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa daraja, waliovaa vizuri na kusema Kiswahili cha mjini. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi ngumu na waliotoka bara. Utani baina yao ulikuwa mkali, na huo ulikuwa sehemu ya ladha ya ngoma.

Wageni wengi waliona mzaha tu, watu wakiwaigiza mabwana zao. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975, aliona zaidi ya hapo. Nyuma ya kofia na mikanda kulikuwa na chama cha kusaidiana. Mwanachama aliyehama mji alipokewa na wenzake wa Marini au Arinoti katika mji aliofikia. Aliyeugua alitazamwa. Aliyekufa alizikwa kwa heshima, na cheo chake cha ngomani kikatambuliwa. Kuli wa bandarini ambaye mchana kutwa aliitwa “boi” alikuwa, jioni, kapteni mbele ya watu wake. Hilo nalo lilikuwa dawa.

Kisha ikaja Vita Kuu ya 1914. Askari na wapagazi walikusanywa kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi makwao, wengi wao wakiuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza limebaki mjini Dar es Salaam hadi leo: Kariakoo. Katika makambi ya vita hivyo beni ilichezwa na watu wa makabila yasiyojuana, waliounganishwa na Kiswahili na mwendo wa pamoja wa miguu. Waliosalimika waliibeba ngoma hiyo kurudi nayo kwao. Nyasa ikazaa mganda na malipenga, ambako matarumbeta ya shaba yasiyopatikana yalibadilishwa na vibuyu vilivyofunikwa utando mwembamba ili sauti ya mwimbaji ivume kama ala. Kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ikaitwa mbeni, na baadaye ndugu yake akaitwa kalela.

Kalela iliacha picha moja isiyosahaulika. Mtaalamu wa jamii Clyde Mitchell aliitazama mjini Luanshya mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuichapishia kitabu mwaka 1956. Wachezaji walikuwa wachimbaji na vibarua, wamevaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'aa. Walikuwa na mfalme wao. Walikuwa na daktari aliyevaa joho jeupe, kazi yake kuwatia moyo wachezaji. Na walikuwa na nesi, mwanamke pekee katika kundi, aliyepita kwa kila mchezaji akiwa na kioo na kitambaa, ili mtu ajitazame, ajifute jasho, aendelee kucheza akiwa nadhifu. Watu ambao kampuni iliwahesabu kwa namba walijiwekea wao wenyewe mtu wa kuwashikia kioo.

Serikali za kikoloni hazikuipenda picha hiyo. Watu waliopanga safu na kupeana vyeo vya jenerali waliwatia maofisa wasiwasi, na kila palipotokea vurugu, vikundi vya ngoma vilitazamwa kwanza. Wachimbaji wa shaba walipogoma mwaka 1935, jina la mbeni lilitajwa katika uchunguzi. Serikali iliona hatari, lakini pia ilikuwa imegundua kweli moja: mahali watu wanapoimba pamoja kila juma, wanajuana kiasi cha kuweza kufanya jambo lolote lingine pamoja.

Wanawake wa Mombasa walilijua hilo kwa njia yao. Lelemama, ngoma ya wanawake inayochezwa kwa safu, kwa mwendo wa taratibu wa mikono na mabega, ilitia mizizi mjini humo katika miongo ya mwanzo ya ukoloni. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini sheria haikufuta dharau kwa siku moja. Mwanahistoria Margaret Strobel, aliyewahoji wanawake wengi wazee wa Mombasa katika miaka ya 1970, alionyesha jinsi vikundi vya lelemama vilivyokuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo mwanamke wa ukoo mkubwa na binti wa waliokuwa watumwa walikaa chini ya jina moja. Usawa haukuwa kamili, lakini ngazi za vyeo zilimpa mwanamke nafasi ya kupanda kwa bidii yake, kwa sauti yake na kwa kuwatumikia wenzake, mambo ambayo nasaba isingemruhusu.

Vikundi viwili vilivyotajwa sana ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Uhasama wao ulikuwa gumzo la mji katika miaka ya 1930 na 1940. Kikundi kimoja kikichinja mbuzi, cha pili kilitaka kuchinja ng'ombe. Nyimbo za vijembe zilitungwa usiku na kuimbwa kesho yake, na aliyetajwa kwa mafumbo alijua ametajwa. Humo ndimo wanawake waliokuwa wakitoka nyumbani ndani ya buibui tu walimojifunza kuendesha kamati, kukusanya fedha na kuzitolea hesabu, kupatanisha waliogombana na kusema mbele ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati lelemama ilipoanza kufifia, Mombasa ilipata vyama viwili vipya vya wanawake wa Kiislamu, vyenye nia ya elimu na maendeleo. Vilirithi watu kutoka vikundi vya ngoma. Vilirithi ushindani pia.

Katika Lamu ni ibada iliyofungua mlango. Habib Swaleh, mwanachuoni wa asili ya Ngazija aliyeasisi msikiti na chuo cha Riyadha, aliingiza matari katika kisomo cha maulidi. Wako waliochukia, wakaona ngoma haina nafasi karibu na msikiti. Yeye alikaa na watu wa Langoni, wageni, maskini na watoto wa waliokuwa watumwa, na maulidi yale yakawapa mahali pa kuketi na kuitikia sawa na watu wa koo kubwa. Maulidi ya Lamu yangali yanavuta mahujaji kutoka pwani nzima kila mwaka.

Unguja ilifuata mkondo wa taarabu. Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905, kilikuwa klabu ya wanaume wa mjini waliokutana jioni kwa fidla, udi na ganuni, na kwa mazungumzo. Nadi maana yake ni klabu, na uklabu ulikuwa na uzito sawa na muziki. Ng'ambo, upande wa pili wa kijito, kulikuwa na Siti binti Saad, binti wa wafinyanzi kutoka Fumba, aliyeingia mjini akiwa maskini na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Baraza zake zilijaa watu waliokuja kusikiliza, kuitikia na kucheka, na nyimbo zake ziliyataja mambo ya mahakamani na mitaani ambayo mtu mnyonge hakuwa na mahali pengine pa kuyasemea. Miaka thelathini baada ya safari ile, mwaka 1958, kikaanzishwa kikundi kingine ambacho leo dunia inakijua kwa jina la Culture Musical Club. Jina lake la kwanza lilikuwa Shime Kuokoana. Ni vigumu kupata kikundi cha muziki kilichotangaza kazi yake waziwazi zaidi ya hapo.

Historia hii isifanywe kuwa ya asali tupu. Ushindani uliounganisha wanachama ulifilisi familia. Dhahabu ya mke iliwekwa rehani ili sare ipatikane, na kulikuwa na nyumba zilizolala na njaa kwa sababu ya karamu ya jana. Magomvi ya vikundi yaligawa mitaa hata watu wakakataa kuzikana. Vijembe vilivyowachekesha wengi viliumiza mmoja, na mmoja huyo hakuwa na wa kumtetea isipokuwa ajibu kwa wimbo mkali zaidi. Masheikh walilalamika, waume walilalamika, na si kila malalamiko yalikuwa ya kuwanyima wanawake raha. Tena, kikundi kilichokupa kila kitu kilikudai kila kitu: asiyetoa mchango alijulikana, na siku yake ilipofika aliona ukumbi mtupu.

Baada ya uhuru mambo yakageuka. Bendi za dansi zilizotangulia, kama Dar es Salaam Jazz iliyoanza 1932, zilikuwa vilabu vya wanachama waliochanga kununua magitaa. Mwaka 1964 ikazaliwa NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi, na mashirika mengine ya umma yakafuata. Mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara na ala za shirika. Alipata heshima aliyostahili. Ila wasikilizaji nao wakabadilika: mwanachama aliyekuwa na sauti kwenye mkutano wa klabu akawa mteja wa kiingilio. Redio, kisha kanda, kisha taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990 yenye kinanda na spika kubwa, zikaongeza umbali. Muziki ulisikika zaidi kuliko wakati wowote uliopita, na watu walioupiga wakapungua.

Sasa wataalamu wa afya wanakusanya ushahidi wa jambo ambalo wanawake wa Ibinaal Watan wangelicheka kwa kuona linahitaji ushahidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na kuona kwamba sanaa husaidia katika kukinga maradhi na katika kuyatibu, afya ya akili ikiwamo. Utafiti mwingine, uliofanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Oxford na kuchapishwa 2015, unagusa zaidi historia hii. Uliwafuata watu wazima wasiojuana waliojiunga na madarasa: wengine ya kuimba, wengine ya kazi za mikono, wengine ya uandishi. Baada ya miezi saba wote walikuwa wamekaribiana kwa kiasi kilekile. Tofauti ilikuwa mwanzoni: waimbaji walizoeana upesi kuliko wengine wote.

Upesi huo ndio uliohitajiwa na mji wa bandari. Mgeni aliyeshuka gatini hakuwa na miaka kumi ya kujenga ujirani kabla hajaugua malaria. Wimbo ulifupisha safari. Lakini utafiti huohuo unaonyesha pia kile ambacho wimbo peke yake haukukifanya: kilichodumu kilitokana na kurudi, juma baada ya juma, mahali palepale, kwa watu walewale. Kwa hiyo anayedai kwamba muziki huponya amesema nusu ya habari. Katika pwani hii uanachama ndio uliotibu, na muziki ndio uliowafanya watu watamani kurudi.

Nusu hiyo ya pili haijafa. Mwanamuziki na mtafiti Gregory Barz alizifuatilia kwaya za makanisa ya Dar es Salaam akakuta muundo ule ule: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, sare, mazoezi ya jioni, mchango kwa mwenye msiba, ziara kwa mgonjwa. Baadaye, katika kitabu cha mwaka 2006, aliandika juu ya vikundi vya wanawake wa Uganda walioimba na kucheza kuhusu UKIMWI wakati wengi walikuwa wakifa kwa ukimya, na ambao waliuguzana na kuleana watoto. Zanzibar, chuo cha muziki kilichofunguliwa 2002 katika jengo la forodha ya zamani kinawafundisha vijana, wa kike kwa wa kiume, ganuni na udi ambavyo hapo awali vilishikwa na wachache. Na Ikhwan Safaa imepita umri wa miaka 100.

Kinachokosekana ni kumbukumbu. Vikundi vingi vya akina mama vilifungwa bila kuacha picha wala karatasi, na wazee waliocheza humo wanaondoka. Halmashauri za miji, vyuo na familia zenyewe zingefanya vyema kuwaketisha waliobaki na kuwarekodi, si nyimbo tu, bali pia nani alichangia nini, nani alizikwa na nani. Bibi Titi mwenyewe alifariki mwaka 2000. Barabara yenye jina lake inapita katikati ya Dar es Salaam, na wengi wa wanaokwama humo kwenye foleni kila jioni wanamjua kama mwanasiasa.